Sura ya Tano: Maduka Yenye Barza

Uvira ni mji mwembamba. Magharibi kuna milima ya Mitumba iliyosimama wima, mashariki kuna Ziwa Tanganyika, na katikati ni ukanda wa ardhi ambao mahali pengine mtu huukata kwa miguu kwa dakika chache tu. Kuanzia mpakani Kavimvira, kaskazini, hadi bandari ya Kalundu, kusini, kila kitu kimebanana juu ya ukanda huo: barabara kuu namba 5, makazi, masoko, makanisa, misikiti, na mito ya Kavimvira, Mulongwe na Kalimabenge inayoporomoka kutoka milimani kwenda ziwani. Mji wa namna hii hauwezi kuitenga biashara na kuiweka kando. Duka lazima likae njiani, na anayepita lazima alipitie.

Kwa hiyo anayetaka kuuelewa usanifu wa Uvira asianze na kanisa wala ofisi ya serikali. Aanze na duka la zamani la katikati ya mji: lile lisilo na ghorofa, lenye kuta nene za matofali ya kuchoma, paa kubwa linaloshuka mbele mpaka kwenye safu ya nguzo, na chini ya paa hilo ile sehemu ambayo kila mtu wa Uvira huiita barza, yaani baraza. Utalikuta kwa sura mbalimbali Bujumbura, Kigoma na Kalemie pia. Watu wengi huliita duka la Wabelgiji. Mimi naona jina hilo linawanyima haki waliolibuni kabla Mbelgiji yeyote hajaliona ziwa hili.

Novemba 1871, Henry Morton Stanley alipomkuta David Livingstone Ujiji, wazungu hao wawili hawakuingia ndani kuzungumza. Waliketi barazani, kwenye jukwaa la udongo lililokuwa mbele ya tembe, chini ya paa lililotokeza mbele, huku watu wa mji wamejaa uwanjani wakiwatazama. Stanley mwenyewe ameieleza baraza hiyo kwa kirefu. Ilikuwa nyumba ya kawaida ya Ujiji, mji wa Waarabu na Wangwana waliofuata njia ya misafara kutoka pwani kupitia Tabora. Katika nyumba hizo bidhaa zilikaa ndani kwenye giza, na maneno ya biashara yalisemwa nje kwenye kivuli. Siku chache baadaye Stanley na Livingstone walipanda mtumbwi wakaenda hadi ncha ya kaskazini ya ziwa kuuchunguza mto Rusizi, wakaona kwa macho yao kwamba maji yake yanaingia ziwani, hayatoki.

Wafanyabiashara wa Ujiji walikuwa wakiifahamu ncha hiyo siku nyingi. Richard Burton na John Speke walipofika Uvira Aprili 1858, kwa mitumbwi ya kukodi kutoka Ujiji, walipata kwamba pale ndipo mwisho wa njia ya wachuuzi wa pwani. Burton aliandika juu ya biashara ya mahali hapo: watumwa, pembe za ndovu, nafaka, nguo za magome ya miti, vyuma. Hatuwezi kuusifu mji kwa soko lake halafu tukaficha kwamba watu walikuwa miongoni mwa vilivyouzwa. Pembe za ndovu na watumwa viliteremka ziwani, shanga na kaniki zikapanda, na njia hiyo ndiyo iliyoleta Kiswahili huku, ikaleta na baraza.

Jambo jingine ambalo mjenzi wa ukanda huu hawezi kulisahau ni ziwa lenyewe. Tanganyika lina urefu wa kilomita zaidi ya 670 na lina mlango mmoja tu wa kutokea maji, mto Lukuga, penye Kalemie ya leo. Katikati ya karne ya 19 mlango huo ulikuwa umezibwa na mchanga na mafunjo, na maji yakapanda mwaka hadi mwaka. Karibu mwaka 1878 kizuizi kikabomoka. Katika miaka kama 15 iliyofuata ziwa likashuka karibu mita 10. Ndiyo maana mnara wa Ujiji unaoonyesha walipokutana Stanley na Livingstone leo uko mbali na maji. Na ndiyo maana sehemu kubwa ya ardhi tambarare ya ukingo wa kaskazini, ambayo leo watu wana hati zake na wameijengea kuta, ilikuwa chini ya maji ya ziwa enzi za mababu wa mababu zetu. Wazee wa Kivira walioishi juu kidogo, kwenye miguu ya milima, walikuwa na sababu.

Duka la matofali lilikuja wakati maji yameshuka na meli zimefika. Reli ya Wajerumani kutoka Dar es Salaam iliingia Kigoma mapema mwaka 1914. Mwaka uliofuata Wabelgiji wakakamilisha yao kutoka Kabalo hadi Albertville, yaani Kalemie. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kwa mkataba wa Machi 1921, Uingereza iliipa Ubelgiji vituo viwili vya bandari, kimoja Dar es Salaam na kingine Kigoma, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Watu wakaviita Belbase, na jina hilo wazee wa Kigoma na Dar bado wanalikumbuka. Shehena ya mfanyabiashara wa Uvira iliteremshwa Dar, ikapanda gari-moshi bila kulipiwa ushuru wa Tanganyika, ikavuka ziwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 ikaongezeka reli fupi ya zaidi ya kilomita 90, kutoka pwani ya Uvira kupita bonde la Rusizi hadi Kamanyola, ambako mizigo ilipakiwa malori kwenda Bukavu, wakati huo Costermansville. Reli hiyo ilifungwa kabla ya uhuru. Leo watoto wa Kiliba na Luvungi hawajui kwamba gari-moshi liliwahi kupita karibu nao.

Katika miongo hiyo Uvira ilikuwa mlango wa Kivu nzima. Chumvi, majembe, vitenge, taa za mafuta, mabati na simenti viliingia. Pamba ya bonde la Rusizi, ngozi na mawese vilitoka. Waliofungua maduka walikuwa Wagiriki, Wahindi, Waarabu, na Waswahili wenye mitaji midogo. Serikali ya kikoloni iliwapangia kila mmoja sehemu yake, Wazungu huku, Waasia kule, Waafrika kule zaidi. Ng'ambo, Bujumbura, mpango huo unasomeka hadi leo kwenye ramani: Mtaa wa Waasia karibu na katikati ya mji, na Buyenzi, mtaa wa Waswahili, wenye barabara zilizonyooka kama mistari ya daftari. Ubaguzi huo uligawa viwanja, lakini haukuweza kugawa namna ya kujenga. Mgiriki, Mhindi na Mswahili walijenga duka la aina moja, kwa kuwa jua lao, mvua yao na mteja wao vilikuwa vilevile.

Tulitazame basi duka lenyewe, kuanzia chini.

Msingi umeinuliwa, ngazi mbili au tatu juu ya barabara. Umejengwa kwa mawe ya mtoni, yale ya mviringo ambayo Mulongwe na Kalimabenge huyaleta kila masika na ambayo watu wa Uvira wanayavunja hadi leo kuuza kokoto. Ngazi hizo zina kazi mbili. Maji ya mvua yanayoteremka mlimani hupita chini ya duka bila kuingia, na lori likija kinyumenyume, sakafu inakuwa karibu sawa na mgongo wake, hivyo gunia la chumvi linavutwa tu bila kubebwa begani.

Juu ya msingi ni barza, upana wa mita mbili hadi tatu, sakafu ya simenti iliyosuguliwa ikang'aa, mara nyingi kwa rangi nyekundu. Nguzo ni za matofali na zimepigwa lipu, za mraba, nene kuliko uzito wa paa unavyohitaji. Ukisimama kando ya nguzo moja kwenye duka la siku nyingi, uangalie pembe zake: kwa chini, kimo cha goti, lipu imelika ikawa duara, na tofali limejitokeza. Hapo ndipo baiskeli zimeegemezwa miaka nenda rudi, kanyagio likikwaruza ukuta kila inapotolewa. Juu zaidi, kimo cha bega, pana doa jeusi lenye mng'ao, mahali watu walipoegemea wakisubiri.

Paa ni la sehemu mbili. Kuna paa kuu lenye kenchi za mbao, lenye mteremko mkali, la vigae au mabati, na kuna upenu unaofunika barza, wenye mteremko wa polepole. Kati ya hizo mbili wajenzi wengi waliacha mwanya wenye matundu au kimia cha matofali. Mwanya huo ndio akili ya jengo zima. Mchana upepo hutoka ziwani kwenda milimani; usiku hugeuka, ukashuka kutoka milimani kwenda ziwani. Hewa ya joto iliyopanda chini ya dari hutoka kwenye matundu hayo, na hewa ya baridi zaidi ikaingia kupitia milangoni, kwenye kivuli cha barza. Duka halihitaji umeme ili lipoe. Kwa mji ambao umeme wake hukatika, hili ni jambo kubwa kuliko pambo lolote la ukutani.

Jua la Uvira nalo lina tabia yake. Asubuhi linachomoza juu ya milima ya Burundi, likipita juu ya maji, nalo huwa la chini na kali, linapiga uso wa kila nyumba iliyotazama ziwa. Jioni milima ya Mitumba hulizuia mapema, na kivuli hushuka juu ya mji wakati Bujumbura bado inang'aa. Kwa hiyo duka linalotazama mashariki ndilo linalohitaji barza pana. Bila hiyo, mionzi ya saa moja hadi saa nne ingeingia hadi kwenye rafu na kuzifubaza nguo. Mwenye kuuza vitenge aliujua ukweli huo vizuri kuliko mhandisi.

Milango ni ya mbao nzito, jozi moja kwa kila uwazi wa duka, na hufungwa kwa komeo la chuma linalopita mlango mzima. Ndani kuna kaunta ndefu inayomtenga mteja na rafu. Nyuma ya rafu kuna mlango wa kwenda depo, chumba kirefu chenye madirisha madogo ya juu yenye nondo, ambamo mapipa ya mawese yaliviringishwa. Nyuma ya depo ni ua, na kwenye ua ndiko maisha yalipo: jiko, kisima au tangi la maji, vyumba vya wafanyakazi, mwembe. Mwenye duka aliishi hapohapo. Ukilifuata duka kutoka barabarani hadi uani, unatoka kwenye kitu cha watu wote, unapita kwenye kitu cha mteja, kisha cha mwenye mali, kisha cha familia, na kila hatua ina mlango wake.

Lakini sehemu niipendayo ni ile ya kwanza, isiyo na mlango. Barza ilikuwa juu ya kiwanja cha mwenye duka, na paa lake alilijenga kwa fedha zake, na hata hivyo hakuna aliyeuliza ruhusa kuikalia. Fundi cherehani aliweka mashine yake pale: mteja ananunua kitenge ndani, anapimwa nje. Mama wa ndagala (dagaa) aliyetoka Kalundu alitua beseni yake pale mvua ikinyesha. Leo utamkuta mbadilisha pesa mwenye meza ndogo ya kioo, faranga za Kongo upande huu, za Burundi upande ule, dola zimefungwa kwa mpira. Kando yake kijana wa kutuma pesa kwa simu. Wote hao wanaishi kwa kivuli cha mtu mwingine, na mwenye duka naye anapata wateja kwa sababu wao wapo. Sijui kanuni ya mipango miji iliyowahi kupata matokeo mazuri namna hii kwa gharama ndogo namna hii.

Unene wa kuta nao una maana yake. Duka na duka jirani yanatenganishwa na ukuta wa matofali unaopanda hadi kwenye paa. Jumapili ya tarehe 27 Januari 2013, soko kuu la Bujumbura, ambako wachuuzi wengi wa Uvira walikuwa wakinunua bidhaa zao, liliteketea kwa moto ulioanza asubuhi. Vibanda vilikuwa vimeshikana chini ya mapaa makubwa, na mali ya maelfu ya watu ikapotea ndani ya siku moja. Duka la barza linaweza kuungua pia, ila moto hukutana na ukuta kabla haujamfikia jirani. Na kuta fupi za matofali zina faida nyingine katika bonde la ufa ambapo ardhi hutikisika: tetemeko la Desemba 2005 lililoanzia ziwani na lile la Februari 2008 lililopasua nyumba za Bukavu yalikumbusha kwamba tofali lisilo na nondo halifai kupandishwa juu sana.

Historia ya wenye maduka ni ya machungu, na nitaipita haraka. Mei 1964 mji uliangukia mikononi mwa waasi wa Gaston Soumialot, na wafanyabiashara wa kigeni waliokuwa bado hawajaondoka walikimbilia ng'ambo. Mpaka na Burundi, ambao enzi za Wabelgiji ulikuwa kama ua kati ya vyumba viwili vya nyumba moja, ulikuwa sasa mpaka wa nchi mbili. Kisha tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu Sese Seko alitangaza kwamba biashara za wageni zitapewa Wazaire. Maduka, depo na bidhaa zilizokuwamo vikagawiwa watu ambao wengi wao hawakuwa wachuuzi. Bidhaa iliuzwa, haikununuliwa nyingine. Serikali ilipoanza kurudisha baadhi ya mali mwaka 1975 na 1976, wengi wa wenyewe hawakurudi. Oktoba 1996 vita vya waasi wa AFDL vikafika, na mwaka 1998 vikafuata vingine. Jengo lililojengwa kwa ajili ya familia moja ya wafanyabiashara likawa limegawanywa kwa mbao na mabati, vyumba vinne au vitano, kila kimoja na mpangaji wake. Sakafu ya depo ikawa chumba cha kulala. Aliyepanga hakuwa na uhakika wa kukaa, kwa hiyo hakutengeneza paa. Mwenye hati alikuwa mbali au alikuwa na kesi. Majengo mengi ya namna hii yameharibiwa na paa linalovuja kuliko yalivyoharibiwa na risasi.

Hapohapo njia ya bidhaa ikahama. Maduka yalipangwa kwa mzigo unaokuja kwa meli. Leo sehemu kubwa ya mzigo huingia kwa malori kupitia Gatumba, upande wa Burundi, na Kavimvira. Thamani ya kiwanja ikaanza kupimwa kwa urefu wa uso wake barabarani, na kila mita ya barza ikaonekana ni mita isiyolipa kodi. Kwanza huwekwa ukuta mfupi kati ya nguzo, kisha nondo, kisha lango la chuma la kukunja, na barza inakuwa chumba cha duka. Mpita njia anasukumwa barabarani, kati ya pikipiki na malori. Fundi cherehani anahamia chini ya mwavuli. Pembeni yake inapanda etaje mpya, yaani jengo la ghorofa, yenye vioo vya rangi ya bluu, uso wake ukitazama jua la asubuhi bila kivuli chochote, na ndani kuna jenereta ya kuzungusha feni.

Siwalaumu wanaojenga etaje. Ukanda ni mwembamba, watu wameongezeka, na mtoto wa Uvira aliyefanikiwa ana haki ya kuonyesha alichopata. Ninachopinga ni wazo kwamba etaje na barza haviwezi kukaa pamoja. Zanzibar, katika Mji Mkongwe, nyumba za Wahindi zina duka chini, makazi juu, na roshani inayompa kivuli anayepita. Ghorofa inaweza kusimama juu ya nguzo zilezile na kuiacha barza chini yake. Gharama ni ukumbi wa mita mbili na nusu kwenye sakafu ya chini peke yake.

Maji nayo yamerudi kudai. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020, Mulongwe ilifurika, ikaua makumi ya watu na kubomoa nyumba kwa maelfu. Miaka ileile ziwa lilianza kupanda, kama lilivyopanda mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kufikia 2024 maji yalikuwa yameingia kwenye majengo ya bandari ya Kalundu na kwenye mitaa ya ukingoni, na Gatumba, ng'ambo ya mpaka, watu walikuwa wakienda kwa mitumbwi kati ya nyumba zao. Nyumba zilizojengwa sakafu sawa na ardhi ndizo zilizotangulia kuingiwa na maji. Ngazi tatu za mawe ya mtoni hazizuii mto uliochacha wala ziwa lililopanda mita kadhaa. Lakini kwa maji ya kifundo cha mguu, ambayo Uvira huyaona karibu kila masika, zinatosha kuiokoa mali.

Sheria ya kuyalinda majengo ya kale ipo. Amri ya tarehe 15 Machi 1971, namba 71-016, inairuhusu serikali kuorodhesha mali ya utamaduni na kuzuia isibomolewe. Kuisubiri Kinshasa iorodheshe duka la vitenge la Uvira ni kusubiri muda mrefu. Serikali ya mji ina chombo kilicho karibu zaidi, kibali cha kujenga. Sharti moja kwenye kibali, kwamba kila jengo jipya la biashara kwenye barabara kuu liache mbele yake njia yenye paa, iliyoinuliwa, isiyo na lango, lingefanya kazi kubwa kuliko kibao cha kumbukumbu. Lingemrudisha mpita njia kwenye kivuli, likamlinda fundi na mbadilisha pesa, na lisingemdai mwenye jengo zaidi ya alichotoa yule wa miaka ya 1930.

Kwa yale maduka ya zamani yatakayobomolewa, na mengi yatabomolewa, ninaomba yapimwe kwanza. Vijana wa shule za ujenzi wanaweza kuifanya kazi hiyo kwa utepe wa kupimia, daftari na simu ya kupigia picha: urefu wa barza, nafasi kati ya nguzo na nguzo, mwinuko wa sakafu, ukubwa wa mwanya wa hewa, aina ya tofali, na maelezo ya wapangaji kuhusu mahali maji yanapopitia. Waanze na paa. Jengo likishaamuliwa kubomolewa, mabati na mbao za kenchi ndivyo vinavyouzwa kwanza, mara nyingi kabla ya wiki kwisha, na bila kenchi hakuna anayeweza kuhesabu tena mwanya ule wa hewa ulikuwa mkubwa kiasi gani.